Flashi Zinazowaka Ijumaa

Jumamosi, 4 Mei

Mjomba mpendwa,

Boksi limefika salama. Kondakta wa basi alinikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, maana uliandika VIOO pande zote nne na chini pia. Flashi zote tano ni nzima, kila moja ndani ya soksi yake. Nilicheka peke yangu, soksi tano na hakuna mbili zinazofanana. Nikampelekea Mama aone vituko vya mdogo wake, akazitazama, kisha akasema ana sufuria jikoni.

Sasa nisaidie. Studio ni ile sebule ya mbele. Dirisha nimeliziba kwa blanketi. Ukuta wa kati unaukumbuka, haufiki juu, na dari hatujaweka hadi leo, kwa hiyo Mama akikohoa chumbani kwake wateja wanampa pole kutokea kwenye kiti. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapa jirani amenipa kazi ya kupiga picha za wanafunzi wote, mia nne na ushee, watakuja kwa mafungu kuanzia mwisho wa mwezi huu hadi mwanzoni mwa Julai. Nikiifanya vizuri, amesema, ni yangu kila mwaka. Nina kamera moja na mwanga wa mlangoni. Niliulizia taa za studio dukani, muuzaji akanitajia bei, nikamwomba arudie, akarudia ileile.

Wewe uliendesha studio miaka thelathini bila kununua kitu kipya. Niambie nifanyeje na hizi flashi kuukuu. Najua simu huipendi tangu masikio yaanze kukuangusha, kwa hiyo niandikie, na uandike kwa mpangilio.

Mama naye amekuandikia. Siku hizi mnaandikiana sana ninyi wawili. Bahasha yake ameibandika utepe kama karatasi za mtihani.

Mpwa wako,
Bi Studio (jina ulilonipa mwenyewe, usilikane)


Alhamisi, 9 Mei

Bi Studio,

Soma yote kabla hujagusa kitu, maana nakufahamu.

Usifungue flashi hata moja. Ndani kuna kidude kinachohifadhi umeme hata betri zikitolewa, na hakijui huyu ni mpwa wa nani. Halafu usichomeke yoyote juu ya kamera yako. Hizi ni za enzi za kamera za chuma, na mbili kati yake zinarudisha umeme mwingi unaoweza kuiua kamera ya kisasa papo hapo. Mpelekee fundi redio azipime na mita yake, uzitie alama.

Ule mfuko mdogo wenye vidude vya kioo chekundu ni macho. Kila flashi inakaa juu ya jicho lake. Jicho likiona mwako wa ghafla popote chumbani, linaiwasha flashi yake wakati uleule, na hakuna waya wowote. Kwa hiyo unachohitaji ni kale kaflashi ka kamera yako. Kakiwaka, zote zinaitika. Kafunike na kile kipande cheusi cha filamu nilichokuwekea, kasimharibie mteja sura. Wewe utaona hakuna kinachopita, lakini macho yanaona.

Jicho halidanganyiki na taa za kawaida. Washa tyubu, washa tochi, fungua mlango jua liingie, litakaa kimya. Linataka mwako wa kamera.

Kaflashi hako ukapange kwa mkono. Ukikaachia kajipangie kenyewe, katatoa mwako mdogo wa kupima kwanza, halafu ndipo mwako wenyewe. Macho yatawahi ule wa kwanza, na picha yako itakuwa nyeusi.

Usinunue vya kusimamishia. Mipini ya mafagio ndani ya makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga inatosha. Flashi kubwa iweke mbele kushoto kwa mteja, juu kidogo ya kichwa, ipitie kwenye mwavuli mweupe. Ya pili ielekee kwenye shuka jeupe upande wa kulia, mwanga urudi taratibu kujaza kivuli. Ya tatu nyuma ya mteja, ndani ya boksi la kadibodi lenye tundu, iguse nywele na bega. Ya nne imulike ukuta wa nyuma. Ya tano ni akiba.

Mpe mama yako bahasha hii ya ndani.

Mjomba


Jumamosi, 18 Mei

Mjomba,

Nilifungua moja. Najua ulisema. Ilinipiga shoti nikakaa sakafuni bila kupanga, na bisibisi hadi leo sijaiona. Akiba imekwisha, nimebaki na nne.

Lakini hizo nne, Mjomba. Nilimkalisha mshonaji wa nyumba ya pili, yule anayejiita mbaya wa sura kabla hujamwita wewe. Nilipobonyeza, chumba kizima kiliwaka kimya, bila waya hata mmoja, na mimi niliyebonyeza ndiye niliyeshtuka. Akaitazama picha, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akaomba tatu.

Nilitaka Mama awe wa kwanza, akakataa. Anasema miguu inamuuma baridi, na huku nje tunatoka jasho.

Sasa sikia jambo la ajabu. Jana Ijumaa, kwenye saa nne asubuhi, nilikuwa nafagia. Kamera iko kabatini, imezimwa. Flashi zote nne zikawaka. Hazikuwaka mara moja, ziliwaka mara mbili, upesi upesi, kisha kimya. Nilidondosha fagio. Niliita nani huyo, kama mjinga, na Mama akanijibu kutoka chumbani kwake kwamba hakuna mtu.

Ni kitu gani hicho?

Bi Studio


Alhamisi, 23 Mei

Bi Studio,

Hongera kwa picha ya mshonaji. Kivuli chini ya kidevu kimekaa pake. Shusha mwavuli kidogo tu, macho yake yapate nuru.

Hilo la kuwaka zenyewe lisikunyime raha. Ni tyubu. Tyubu ikizeeka inamemetuka, na macho yanachanganyikiwa. Au kuna fundi wa kuchomelea vyuma karibu. Badilisha tyubu. Na Ijumaa usijichoshe na kazi, toka kidogo, tembea, kijana hapaswi kushinda gizani wiki nzima.

Nilisahau kukwambia kuhusu boksi la nyuma. Lipake rangi nyeupe ndani, mwanga hautapotea.

Mjomba


Jumamosi, 8 Juni

Mjomba,

Tyubu nilibadilisha. Kisha nikaizima kabisa, nikafanya kazi kwa mshumaa na flashi. Fundi wa kuchomelea yuko mtaa wa tatu, na dirisha limezibwa. Bado zinawaka. Tarehe 24, tarehe 31, na jana. Daima Ijumaa, daima saa nne nne hivi, daima mara mbili upesi.

Tarehe 31 nilikuwa na darasa la tatu. Msichana mmoja amekaa kitini, mimi nafuta kioo cha kamera, zikawaka. Alipiga ukelele, wenzake nje wakakimbia bila kuuliza. Sasa shule nzima inajua chumba changu kina mzimu. Mama alijaribu kunisaidia, akasema juu ya ukuta, "Ni umeme tu huo, wanangu." Lakini mwalimu mkuu ameniita ofisini. Kwa upole, ila ameuliza kama nina uhakika na vifaa vyangu, kwa kuwa wazazi wawili wamegoma. Jana zilipowaka hakukuwa na mtoto ndani, namshukuru Mungu. Nikiipoteza kazi hii nitarudi kupiga picha za vitambulisho mlangoni.

Halafu kuna hili, na usinikasirikie. Barua yako ya kwanza inasema jicho halijali tyubu. Ya pili inasema ni tyubu. Nimezisoma zote mbili nikiwa nimeziweka sambamba mezani. Nishike ipi?

Na njoo, tafadhali. Ni mwaka wa pili huu hujatia mguu hapa. Mama hasemi lakini naona nguo zinampwaya. Sakafu ya chumba chake anaipiga dawa mara mbili kwa siku hadi macho yangu yanawasha, na soksi amevaa jozi mbili. Nikimuuliza anasema baridi ya utu uzima nitaijua zamu yangu ikifika.

Bi Studio


Alhamisi, 13 Juni

Bi Studio,

Shika ya pili. Ya kwanza niliiandika haraka haraka.

Hamishia studio chumba cha uani. Kina mlango wake na ukuta wake unafika juu. Utakuwa na utulivu.

Mama yako anakula? Anaweza kwenda bombani mwenyewe? Anasimama muda gani akipika? Nijibu hayo kwanza, ya flashi baadaye.

Safari kwangu ni ngumu, mgongo unanisumbua. Bahasha hii mpe mkononi, usiiache mezani.

Mjomba


Ijumaa, 28 Juni

Mjomba,

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Utasamehe mwandiko.

Chumba cha uani ni kidogo, mwavuli hauenei, kwa hiyo sikuhama. Leo nilizima flashi zote saa tatu na nusu, nikakaa gizani kwenye kiti cha mteja, nikangoja. Wiki zote hizi sikuwa nimelifikiria jambo jepesi kabisa, kwamba flashi zangu zikiwaka sioni kitu kingine chochote. Leo zilikuwa zimezimwa. Saa nne kasoro kidogo bati la juu liliwaka, mara mbili, upesi. Mwanga ulitoka juu ya ukuta wa kati, chumbani kwa Mama.

Sikubisha hodi.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto uko juu ya kigoda, soksi sakafuni. Futi ya mshonaji imelazwa kando ya unyayo. Juu ya rundo la magazeti kuna kamera ndogo, imeelekezwa kwenye unyayo, ikijipiga yenyewe.

Mjomba, sijui niandikeje nilichokiona. Chini ya kidole gumba kuna shimo. Kidole kinachofuata ni cheusi, cheusi kabisa, na ngozi inapanda ikiwa imevimba na kung'aa hadi kifundoni. Ndipo nilipoelewa kwamba ile dawa ya sakafu ilikuwa ya kuficha harufu. Nilikuwa bado nimeshika kitasa. Mama aliniangalia, akasema, "Funga mlango, unaingiza vumbi."

Kamera hiyo naijua. Kamba yake niliisuka mimi nikiwa darasa la sita, nikakupa wewe. Nikamuuliza Mama inafanya nini hapa, akasema nikuulize mwenyewe.

Sasa nakuuliza. Wewe uliyenifundisha kwamba mwako wa mara mbili ni wa kamera inayojipangia yenyewe. Nilikuandikia mara mbili, upesi, ukaniambia nibadilishe tyubu. Ukaniambia nitembee Ijumaa. Kila Jumamosi nimepeleka bahasha za Mama stendi kwa mikono yangu. Kulikuwa na nini ndani yake?

Mimi na mshonaji tumembeba hadi kwenye gari. Daktari yuko naye sasa. Nimesikia wakimuuliza ameugua sukari tangu lini, akataja mwaka. Mimi nilikuwa sijui hata kama anayo.

Nijibu, na safari hii uniambie ukweli.


Jumatatu, 1 Julai

Mwanangu,

Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi ya kamera. Picha moja kila wiki, zipo nane. Zote ulizipeleka wewe.

Mwezi wa nne mama yako alikanyaga msumari uani. Aliugundua jioni alipovua ndala, ukiwa bado umo. Hakuhisi kitu. Aliponiandikia hivyo mimi nilijua ni sukari imeua hisia za mguu, maana ugonjwa huo tunao wote wawili. Mtu hawezi kuuona unyayo wake mwenyewe, kwa hiyo nilimtumia kamera. Nilimwelekeza apige kila Ijumaa, umbali uleule, mwako uleule, futi pembeni, nione kama kidonda kinakua. Nikaifanya kama kazi ya studio. Nilijiona ninasaidia.

Kilikua. Picha ya tatu nilimwonyesha daktari wangu, akasema mlete leo. Nikamwandikia dada siku hiyohiyo. Akanijibu kwamba nikikwambia neno moja hatanisemesha hadi kaburini. Alisema uliacha chuo ukamuuguza baba yako miaka miwili, ukarudi wenzako wamemaliza. Hataki uache tena. Alisema umalize kwanza picha za shule, ndipo atakwenda mwenyewe. Yeye ni dada yangu mkubwa, tangu nina meno ya utotoni akisema nyamaza nanyamaza. Najua hiyo si sababu ya kumwambia mtu mzima.

Ulipoandika mara mbili upesi, niliitambua kamera yangu. Nilikaa na kalamu saa nzima. Kisha nikaandika tyubu.

Kuna jingine, na lipokee ukiwa umekaa. Mguu wangu wa kulia haupo. Umekatwa chini ya goti, mwaka juzi. Hakuna mgongo unaoniuma. Zile soksi ulizozicheka, mtu wa mguu mmoja zinambakia. Mama yako alikuja kuniuguza, wewe ukaambiwa amekwenda msibani. Alinikuta siku ya pili baada ya kukatwa, ninalia na kumtukana kila mtu aliyenishauri nikubali. Nilimtukana na yeye. Nilimwambia bora wangeniacha nife. Hayo ndiyo anayoyaogopa, na ni mimi niliyemtia hofu hiyo. Nilipotakiwa kumwambia nenda hospitali, sikuwa na uso wa kulisema kwa nguvu.

Niandikie daktari amesema nini.

Mjomba wako


Ijumaa, 5 Julai

Mjomba,

Nimeandika Mjomba kwa mazoea tu, sijui nikuite nani.

Barua yako niliisoma nimesimama, ikanibidi nikae kweli. Miaka miwili nimekuwa nikikuombea mgongo.

Daktari amesema hivi. Angeletwa wiki tano nyuma, wangekata vidole viwili na angetembea hadi nyumbani. Nilimwomba arudie, nikatoka nje, nikahesabu. Barua yako ya tyubu niliipokea Ijumaa tarehe 24 Mei. Ni wiki tano kamili kabla ya siku niliyomleta.

Sasa wanataka mguu, chini ya goti, na si baadaye. Uozo unapanda na homa haishuki. Wamempa hadi Jumatano. Baada ya hapo sumu itakuwa imeingia kwenye damu, na daktari amesema kwa Kiswahili chepesi kwamba atakufa. Mama amegeukia ukutani. Anasema atakufa na miguu yake miwili, na kwamba alishamwona mtu aliyekatwa, hataki kusimuliwa. Nimelia mbele yake, nimempigia magoti, nimemfokea, na hata muuguzi amejaribu. Hageuki.

Mtu aliyemwona ni wewe. Kwa hiyo njoo umwambie mwenyewe.


Jumapili, 7 Julai

Mwanangu,

Ningeweza kufika. Sitakudanganya tena. Leo asubuhi nilikwenda hadi mlangoni pa basi na mkongojo wangu. Nikaziona zile ngazi, na abiria wote madirishani, nikarudi nyumbani. Nimejidharau kutwa nzima.

Kwa hiyo nimefanya ninachokiweza. Nimejipiga picha kwa kamera yangu ya chuma, kwa filamu ya mwisho niliyokuwa nayo, nikaisafisha mchana huuhuu. Nimekunja suruali juu ya goti. Flashi moja tu, ile niliyobaki nayo, kutoka ubavuni, bila mwavuli wala shuka, maana mwanga mlaini ungeficha mshono nami nataka auone wote. Tangu nilipokatwa hakuna mtu aliyenipiga picha, hata ya kitambulisho.

Kondakta ameahidi kuifikisha kesho kutwa. Mpe mkononi, kisha utoke, mwache nayo.

Mjomba


Jumatano, 10 Julai

Mdogo wangu,

Picha niliipata jana na nimekesha nayo chini ya mto. Nakuandikia haraka, wananichukua saa nane mchana.

Mimi nilikuona siku ile una mabandeji na matusi. Nikaondoka, na miaka miwili nimebaki na mtu yule kichwani. Hukuniambia kwamba palipona. Ungeniambia ningekubishia, lakini hukuniambia. Naona mtu amekaa kwenye kiti chake, amenenepa, shati halijapigwa pasi, kikombe cha chai kiko karibu. Mshono umetulia. Nimeufuata kwa kidole, huku na huku. Nilikuwa najiandaa kufa kwa ajili ya kitu ambacho wewe unakaa nacho unakunywa chai.

Nimetia saini.

Binti hanisemeshi. Ananiosha, ananigeuza, ananifunika, hasemi. Nimemwambia asikulaumu, mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Akanijibu kwamba mdomo ulikuwa wako.

Naogopa sana. Sijawahi kukwambia neno hilo tangu tuzaliwe, basi nimekwambia leo.

Dada yako


Jumamosi, 20 Julai

Mjomba,

Wamekata chini ya goti. Homa ilishuka siku ya tatu. Juzi Mama aliniamsha nimkune kidole ambacho hakipo, nikakuna shuka mahali kingekuwa, akasema hapohapo. Nimeanza kusema naye.

Mwalimu mkuu alikuja wodini na kadi iliyosainiwa na walimu wote. Madarasa mawili yaliyobaki yatangoja hadi nirudi. Amesema wanafunzi wamesikitika mzimu umeondoka.

Sijakusamehe. Mama amekusamehe, yeye ni dada yako na ana deni lake mwenyewe kwangu. Nimejaribu nimeshindwa. Kila nikimwona anajikokota kwenye kile kiti cha magurudumu nakumbuka tyubu mpya niliyoinunua, nilivyopanda juu ya meza kuifunga, na yeye akiwa upande wa pili wa ukuta akinisikiliza.

Daktari amesema ugonjwa huu unatembea kwenye familia, akanipima na mimi. Majibu ninayo. Nitakuambia yangu ukiniambia yako. Sitaki barua ya flashi wala ya mwavuli. Niandikie sukari yako ya kila asubuhi, namba kamili kama kipimo kinavyosema, na uniambie huo unyayo uliobaki ukoje. Kama huuoni, tafuta mtu autazame. Ukinipunguzia hata moja, basi, hatutaandikiana tena.

Bi Studio


Alhamisi, 25 Julai

Bi Studio,

Jumatatu kumi na tatu. Jumanne sikupima, niliogopa. Jana kumi na saba. Leo kumi na sita na nusu.

Unyayo siwezi kuuona, kamera ndogo iko kwenu na ile ya chuma haina filamu. Nilimwomba jirani yangu fundi saa autazame kwa kile kioo chake cha jichoni. Nilitegemea atasema uko safi. Alitazama muda mrefu, kisha akauliza kidonda hiki ni cha tangu lini. Kipo chini ya kidole kidogo, upana wa punje ya hindi, na kina usaha. Sikuhisi chochote. Sijui ni tangu lini.

Dada hajui, na daktari wangu hajui. Nimeanza na wewe.

Fundi saa atanipandisha basi la kesho, ngazi zote, watu watazame wakitaka. Barua hii inatangulia na basi la leo. Njoo stendi na mtu mwenye nguvu, na umwambie yule daktari asiondoke kabla sijafika.

Mjomba